Bonde la Makopo Yanayolia

Mguu wangu wa kushoto ni mwongo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu kila nilikofika, kabla hawajaniuliza kwa nini ninachechemea. Niliona afadhali niutukane mwenyewe, kuliko kusubiri wautukane wao mbele yangu. Nilidondoka kutoka juu ya lori la mihogo, miaka saba iliyopita, au labda ni kesho, maana huko ninakosimulia siku hazipangi foleni. Mfupa ulivunjika, mfupa ukaunga. Picha nimepigwa mara nne katika miji minne, na kila daktari aliinyanyua ile picha akaielekeza dirishani, akaniambia mfupa ni mzima. Yule wa mwisho alinirudishia picha yangu kama mtu anayekurudishia barua uliyomwandikia mkewe.

Basi nikaendelea kutembea. Kutembea nimeanza zamani, kabla ya mguu kuharibika, na hata shule nilisoma nikiwa njiani: darasa la kwanza mji mmoja, la tatu mji mwingine, la pili sijalisoma mpaka leo. Kwa hiyo usitegemee nikupe majina makubwa ya vitu. Nina swali moja tu ambalo limenizeesha. Kama jambo linauma na hakuna kidonda, ni nani anayeumwa? Ukisema ni mimi, sawa, lakini mbona nikijitafuta pale panapouma sijikuti? Nakuta ngozi. Chini ya ngozi nyama, chini ya nyama mfupa mzima ambao madaktari wanne wameusifia. Mimi sipo. Kuna moto tu, unawaka bila kuni.

Nilifika bondeni mchana, au niseme mchana ulinifikia mimi, maana nilipoanza kuteremka kilima ilikuwa asubuhi na sikumbuki kupiga hatua zaidi ya mia mbili. Chini kulikuwa na mpunga ulioiva, wa rangi ya ngozi ya simba. Juu ya mpunga kulikuwa na kamba. Nimewahi kuona mashamba ya watu wanaoamia ndege, nikaona dungu lililosimama kwenye nguzo nne, mtu amekaa juu yake, na kamba mbili tatu zimetoka pale kwenda pembeni mwa shamba, zimefungwa makopo. Ndege wakitua, mtu anavuta, makopo yanalia, ndege wanaruka. Hilo nalijua. Lakini hapa kamba hazikuwa mbili wala tatu. Zilikuwa nyingi kama nyuzi za kitambaa, zimepita juu, chini, kati ya masuke, zimepishana, zimefungana, na kila hatua mbili kopo: la maziwa, la rangi, la samaki, la mafuta. Na bonde zima lilikuwa linalia. Kereng'ende alitua kwenye kamba moja karibu nami na makopo hamsini yakapiga kelele. Upepo ukapita, yakapiga elfu. Nikatazama juu nimwone huyo ndege anayefukuzwa. Hakukuwa na ndege hata mmoja. Mbingu ilikuwa tupu kama sahani ya mtu aliyeshiba.

Na mpunga ulikuwa unaanguka wenyewe, punje kwa punje, kwenye tope. Hakuna aliyeuvuna. Ukitaka kuvuna lazima uguse kamba, na ukigusa kamba bonde lote linapiga mayowe.

Mguu wangu ulisimama kabla yangu. Nadhani uliona ndugu zake.

*

Pembeni mwa shamba palikuwa na banda la makuti, na ndani yake watu wazima wapatao tisa. Hapakuwa na mtoto hata mmoja. Walikaa kila mtu kwa namna mwili wake ulivyomruhusu: mmoja amesimama na kuegemea nguzo, mwingine amesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Mzee aliyeitwa Lihawa mgongo wake ulikuwa umemkataza kukaa tangu mwaka wa mafuriko, kwa hiyo alisikiliza masomo akiwa amelala kifudifudi juu ya mkeka, na kutoka huko chini alimkosoa kila mtu. Mbele yao alisimama binti mmoja, Modesta, mfupi, na kofia ya ukili imemfunika hadi kwenye nyusi. Niliambiwa kuwa babake alikuwa mwamiaji wa ndege katika bonde hilihili, na kwamba yeye alikwenda kusomea mishipa ya fahamu katika hospitali moja kubwa huko nyanda za juu, kisha akarudi, jambo ambalo wengi walioondoka hawalifanyi.

Aliniuliza jina. Nikasema Selemani. Silo langu. Selemani ni mtu niliyewahi kupakia naye mihogo. Nimezoea kuvaa majina ya watu kama wengine wanavyovaa mitumba. Akaniuliza ninaumwa wapi. Nikaanza ile hadithi yangu ya mguu mwongo, nikasubiri wacheke. Hawakucheka. Modesta akasema nikae, na kwamba mguu wangu huenda haujawahi kusema uongo maishani mwake.

Sikujua nifanye nini na sura yangu. Nikakaa.

Somo lilikuwa limeshaanza, lakini aliliacha akarudi nyuma kwa ajili yangu, na wengine wakaguna kama watu walioshaimba wimbo mara nyingi. Alisimulia historia ya bonde. Nitaieleza kama nilivyoisikia, kwa maneno yangu, maana yake yalikuwa bora na nimeyasahau.

Kulikuwa na mwaka mmoja ambao ndege wa kwelea kwelea walikuja. Walikuja kama kitambaa cheusi kinachovutwa angani. Asubuhi palikuwa na mpunga, adhuhuri palikuwa na mabua. Watu walikula mizizi mwaka mzima. Hilo lilitokea kweli, alisema Modesta, msiruhusu mtu awaambie halikutokea. Kila mmoja wenu ana mwaka wake wa kwelea. Mwaka uliofuata watu wakaongeza kamba, na ilikuwa akili. Makopo yakalia, ndege wakakimbia. Lakini baada ya hapo ndege hawakurudi tena. Hofu ndiyo iliyorudi. Kila kopo lililolia, hata kwa upepo, watu waliona ni dalili, wakafunga kopo jingine. Wakazikaza kamba ili zisikie mapema zaidi. Wakaacha za katani wakachukua nyuzi za nailoni, nyembamba, zinazotikisika hata ukikohoa. Waamiaji juu ya madungu wakakosa usingizi, na mtu asiyelala anasikia kopo kabla halijalia. Shamba la jirani likilia, wao nao wakavuta. Na kadiri bonde lilivyolia ndivyo kila mtu alivyozidi kuamini kuwa ndege wapo, maana kama hawapo, kelele zote hizi za nini?

"Sasa niambieni," alisema Modesta. "Kopo likilia, limesema uongo?"

Mzee Lihawa alijibu kutoka mkekani kwamba kopo haliwezi kusema uongo, limetikiswa likalia, hiyo ndiyo kazi yake, na kwamba swali hili linaulizwa kila wiki kama vile wao ni wajinga.

"Haya. Ndege yupo?"

"Hayupo," wakasema wote.

"Kwa hiyo?"

Wakasema kwa pamoja, kwa sauti ya watu waliochoka lakini wanaoamini: mlio ni wa kweli, ndege hayupo.

Akasema ndivyo ilivyo mwilini. Kutoka kidoleni mpaka kwenye uti wa mgongo, kutoka uti wa mgongo mpaka kwenye ubongo, kuna kamba. Ubongo ndio umekaa juu ya dungu. Mfupa unavunjika, kamba zinavutwa, na ubongo unatoa maumivu ili ulinde shamba. Mfupa unapona. Lakini kwa baadhi yetu, na si kwa sababu ni wadhaifu, kamba hazilegezwi. Zinabaki zimekazwa, zinaongezeka, mpaka mguso wa shuka unaripotiwa kama jino la mnyama. Maumivu ni ya kweli, yanauma kweli, kwenye mguu kweli. Ila hayapimi tena kidonda. Yanapima mkazo wa kamba.

Nilimsikia. Na kwa sababu mimi ni mtu niliyezoea kupita kabla mambo hayajaniingia, nikatabasamu, nikasema kile ambacho nimekisema maisha yangu yote. Nikasema, kwa hiyo binti yangu, kwa kifupi, ni mawazo tu.

 Halafu kutoka mkekani Mzee Lihawa akasema, bila hata kuinua kichwa:

"Bwana, usituletee unyoya hapa."

Wakacheka wote. Walicheka kile kicheko cha nyumbani ambacho mgeni hakielewi, na mimi nikacheka nao, maana mgeni akicheka anapewa chai. Nikauliza unyoya ni nini.

*

Lihawa ndiye aliyenieleza, na alieleza kwa raha, kama mtu anayemega mkate. Alisema kuna mwanamke mmoja alifika bondeni zamani, katika wale wa kwanza kabisa, mkono wake wa kulia ameufunga kwenye kanga na kuushika kifuani kama kifaranga. Mkono ule ulipigwa na mchi alipokuwa akitwanga na mwenzake. Uliuma miezi miwili, uvimbe ukaisha, ngozi ikarudi, na maumivu yakabaki pale miaka kumi na moja. Hakuweza kufua. Hakuweza kubeba ndoo. Upindo wa kanga ukimgusa anaruka. Mumewe, alisema Lihawa, alikuwa mtu wa maneno mengi, mcheshi, anayependwa barazani. Na huyo mume alikuwa ameamua kuwa mkewe ni mvivu anayejidai.

Mpaka hapo nilikuwa bado natabasamu. Mdomo una uzembe wake, unachelewa kupata habari.

Siku moja, aliendelea Lihawa, yule mwanamke amelala mchana, amechoka, mkono ameuweka juu ya mto. Mume akaita majirani waje waone kitu. Wakajaa mlangoni. Akachukua unyoya wa kuku, mmoja, mwepesi, mweupe. Akaupitisha juu ya vidole vya mkewe. Mwanamke akaamka kwa ukelele ambao ulisikika mpaka kisimani. Na mume akainua ule unyoya juu, akawageukia watu, akasema: "Unyoya, jamani. Unyoya." Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Kwa hiyo hapa, akamaliza Lihawa, mtu akimwambia mwenzake anajidai, tunamwita Bwana Unyoya. Na wote banda zima wakarudia, kila mmoja na kionjo chake, Bwana Unyoya, Bwana Unyoya. Mmoja akasema ana hamu siku moja amwone huyo mtu, ampitishe uso wake kwenye majani ya upupu.

Nikacheka. Nataka ulijue hilo, wewe unayesoma. Nilicheka kwa sauti kubwa kuliko wote.

*

Sasa nitasema vipande vipande, kwa sababu vilinijia hivyo.

Nilimchukua kuku wa jirani. Hata kuku hakuwa wangu.

Nilichagua unyoya wa kifuani. Nilichagua. Ule wa bawa niliuona mgumu, nikaogopa watu watasema nimemchoma.

Alilala na mdomo wazi kidogo. Alikuwa ameweka mafuta ya nazi kwenye ule mkono, ameupaka taratibu kama mtu anayempaka mtoto wa mtu mwingine.

Nilitaka nini? Nimejiuliza katika kila njia niliyopita. Sikutaka aumie. Nilitaka niwe na haki.

Alipoamka hakunitazama mimi kwanza. Alitazama mlangoni, akaona macho yote yale. Akavuta kanga akajifunika, si mkono, alijifunika uso.

Nikaangalia mkono wangu nikiwa pale bandani, na haukuwa wangu. Ulikuwa mwembamba, wa mwanamke, vidole vimejikunja. Nikajiona kutoka upande wa mtoni, yaani kutoka pale kwenye mto wa kulalia, nikamwona mwanamume mmoja amesimama juu yangu na kitu cheupe, meno nje, na nyuma yake mlango uliojaa vichwa. Nikamfahamu. Nikajaribu kumwambia kwamba inauma, na kila nilivyosema alizidi kufurahi, kwa sababu kilio changu ndicho kilichokuwa ushahidi wake.

Halafu nikawa mimi tena. Mzee mmoja kwenye benchi, jina la kuazima.

Mwezi mmoja baadaye niliondoka. Niliwaambia watu kwamba mtu hawezi kuishi na mwanamke mwigizaji. Sikuwa nimekwenda mbali nilipopanda lori la mihogo.

*

Modesta hakuwa amecheka na wengine. Alisubiri watulie, akasema kuna jambo hawaliulizi, nalo ni hili: zile kamba alizikaza nani? Si mchi peke yake. Si lori peke yake. Kukosa usingizi kunakaza. Msiba unakaza. Njaa, ugomvi, woga wa kupoteza kazi. Na kutoaminiwa kunakaza kuliko vingi, kwa sababu mtu asiyeaminiwa lazima ailinde ile habari yake kila saa, lazima akae juu ya dungu mchana kutwa akithibitisha kwamba kopo limelia. Kila aliyekuambia unajidai, alisema, alishika ncha ya kamba yako akaizungusha mara moja zaidi kwenye nguzo.

Sijui kama umewahi kukaa mahali ukaelezwa kazi ya mikono yako na mtu asiyejua ni mikono yako. Nilidhani kosa langu ni kucheka. Kumbe nilikuwa fundi. Miaka kumi na moja nimeamka kila asubuhi nikakaza. "Leo nao unauma?" Mzunguko mmoja. "Mbona jana ulishika kikombe?" Mzunguko. Kupumua tu kwa nguvu puani anapoomba asaidiwe ndoo. Mzunguko. Na nilipoanguka mimi, nikaingia kwenye mguu wangu mwenyewe na ujuzi uleule. Hakukuwa na mtu wa kuniita mwongo, kwa hiyo nikaifanya kazi hiyo mwenyewe, bila malipo, katika kila mji.

Niliuliza, na sauti yangu ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa, kama kamba zinaweza kulegezwa. Modesta akasema zinaweza, kwa wengi, si zote, wala si haraka. Hazikatwi. Waliojaribu kuzikata, majirani zao waliogopa wakafunga nyingine mara mbili. Zinalegezwa kwa kuingia shambani kidogo kidogo, njia ileile, kila siku, makopo yakilia, mpaka ubongo ujionee wenyewe kwamba yamelia na ndege hakuja. Leo hatua kumi. Kesho kumi. Siku ya tano kumi na moja. Mtu asikimbie kwa sababu amejisikia vizuri, wala asilale wiki nzima kwa sababu amejisikia vibaya. Na haingii peke yake. Anayeingia lazima awe na mtu juu ya dungu, na kazi ya huyo mtu ni ngumu kuliko zote: kutokuvuta. Aweke mikono magotini. Aliye mpungani akisema inauma, yule wa juu hasemi pole, hasemi acha utani. Anasema nasikia, uko wapi? Na aliye chini anajibu kwa kutaja jina lake na mahali alipo.

Jina lake, nilirudia.

Jina lake, akasema Modesta. Ubongo haudanganyiki kirahisi, mzee. Ukiingia mle na uongo, uongo nao unalia.

*

Tulitoka nje. Jua lilikuwa palepale lilipokuwa nilipofika, kama limesahau njia. Kwenye dungu la karibu alikaa mwanamke, ametugeuzia mgongo, amejifunga kanga mbili. Alikuwa na mvi. Mkono wa kulia alikuwa ameuweka juu ya goti, umefunguka, kiganja juu, unapigwa na upepo na jua bila kufunikwa na kitu. Modesta aliniambia kwa sauti ya chini, kwa fahari, kwamba huyo ndiye yule Lihawa aliyemsimulia, Sikuzani, na kwamba siku hizi hafundishwi tena, anafundisha. Kwamba ilimchukua miaka minne kufika hatua mia. Kwamba mkono bado unamuuma siku za baridi, na siku za baridi anasema unauma, na anaendelea na kazi. Leo zamu ya dungu ni yake.

Kwa hiyo nilikuwa na njia tatu, na zote niliziona kwa uwazi. Ningeweza kugeuka. Kilima kilikuwa pale, na kugeuka ndiyo kazi pekee niliyohitimu. Lakini ningegeuka na ule mguu, na baada ya bonde hili hakuna nchi nyingine niliyosikia ambako unaweza kulegezwa. Ningekufa kwenye mtaro mmoja wa barabara nikiutukana. Au ningeingia mpungani, niseme jina langu. Wangenifukuza, na wangekuwa na haki. Au ningeingia niseme Selemani, naye asinigundue, nipone kwa mkono wa yule niliyemkazia kamba. Hiyo njia ya tatu ndiyo niliyoichagua. Sikufichi. Nilishusha kofia yangu usoni, nikaingia.

Hatua ya kwanza, makopo. Hatua ya pili, makopo, na mguu ukawaka kutoka kifundoni mpaka nyonga. Ya tatu, ya nne. Bonde zima lilikuwa linapiga kelele na kila kelele ilikuwa ndani ya mfupa wangu mzima. Nilikuwa kamba. Nilikuwa kopo la samaki lenye kutu. Nilikuwa nailoni iliyokazwa kati ya mwaka mmoja na mwaka mwingine, na kereng'ende wote wa dunia walikuwa wanatua juu yangu.

"Inauma," nikasema.

"Nasikia," ilisema sauti ya dungu, bila kugeuka. Ileile. Ilikuwa imekomaa tu, kama chombo kilichotumika. "Uko wapi?"

Nikafungua mdomo niseme Selemani.

"Niko kwenye mpunga," nikasema. "Mimi Bakili. Bakili wako, yule wa unyoya."

Sikusema kwa sababu nimekuwa mwema. Nadhani nilichoka tu. Makopo yaliendelea kulia kwa muda, halafu upepo ukaacha, yakaacha moja moja, mpaka nikasikia punje zikidondoka topeni.

Kule kwenye njia watu walisimama. Mzee Lihawa, ambaye aliletwa nje juu ya mkeka wake, aliinuka akasimama wima, jambo ambalo baadaye waliniambia hakuwa amelifanya mwaka ule. Akasema atanitoa mle kwa mikono yake. Modesta akamshika. Mimi nilibaki nimesimama na mguu unawaka, kofia nimeivua iko mkononi, watu wamejaa ukingoni mwa shamba wananitazama. Hakukuwa na kanga ya kujifunika uso.

Sikuzani aligeuka. Alinitazama muda mrefu, si kwa hasira, alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alichokifuata chumbani. Kisha akaanza kushuka ngazi ya dungu, taratibu, akishika kila mti kwa ule mkono. Nikaanza kusema. Nilisema nimekosa, nilisema sina haki ya kuomba, nilisema mengi, mimi ni mtu wa maneno. Alipofika chini akaniambia ninyamaze kwanza, kwa sababu nikisema ninajitikisa, na nikijitikisa ninatikisa kamba za wenzangu.

Akaniambia kwamba yeye hatanishikia dungu. Si leo wala siku nyingine. Alisema si adhabu. Alisema tu kwamba anaujua mkono wake, na kuna vitu vichache ambavyo bado havibebi.

Kisha akamgeukia Lihawa, akamwambia apande yeye.

Lihawa akacheka kwa dharau. Aliuliza kwa nini ampandie mtu kama yule, na mgongo wake ulivyo, na alisema kama ni kuvuta, ataivuta kamba mpaka bonde lihame.

"Mzee Lihawa," Sikuzani alisema, "panda. Usimwonee huruma, wala usimcheke. Akisema inauma, inauma."

Akachukua mundu wake uliokuwa umeegemezwa kwenye nguzo, akapita pembeni yangu, kwa karibu, bila kunigusa na bila kunikwepa, akaenda kuvuna upande wake wa shamba, ambako kamba zilikuwa zimelegezwa.

Nilimsikia Lihawa akipanda. Alipanda kwa kulalamika, ngazi moja laana moja, na alipofika juu alihema muda mrefu. Nikatazama. Alikuwa amekaa amepinda, uso umekunjamana kwa maumivu yake mwenyewe, na mikono ameiweka magotini.

Nikainua mguu. Makopo yakaanza.

"Inauma," nikasema.

"Nasikia," akasema Lihawa, kwa kisirani. "Uko wapi?"

Sikuweza kujibu.  Watu walisubiri. Kule mbali mundu ulikuwa unakata, unakata.

Lihawa akauliza tena.